Krinoidi ndani ya jiwe la chokaa: kuokota, kuchonga, kutumia kemikali au kukata?

Ukilipiga nyundo jiwe la chokaa lililojaa krinoidi, yaani visukuku vya wanyama wa bahari wenye sura ya ua, mara nyingi hupati krinoidi. Unapata nyuso bapa zinazometameta, zilizopita katikati ya kisukuku na katikati ya jiwe kwa mkupuo mmoja. Sababu ni madini yenyewe. Kila kipande cha kiunzi cha krinoidi ni fuwele moja ya kalisaiti, madini yale yale yanayofanya chokaa, yenye vinyweleo tele. Kikishazikwa, kalisaiti nyingine huota ndani ya vinyweleo hivyo na kukizunguka, ikifuata mwelekeo ule ule wa fuwele ya awali. Basi kisukuku na saruji inayokishika huwa kitu kimoja, na jiwe hupasukia pale fuwele inapotaka, si pale mkusanyaji anapotaka.

Ndiyo maana kuchagua njia ya kazi huwasumbua wengi. Anayetoa jino la papa kwenye chokaa anashika vitu viwili tofauti, fosfeti na kalisaiti, na tofauti hiyo humsaidia. Mwenye krinoidi ana kalisaiti ndani ya kalisaiti. Hapa hakuna chombo cha bei kubwa kitakachokuokoa kama hujajua kwanza krinoidi yako inatofautianaje na kile kinachoizunguka: ni udongo kidogo kati ya vipande, ni silika (madini magumu ya mchanga na gumegume) iliyochukua nafasi ya kalisaiti, au hakuna tofauti kabisa.

Njia zinazolinganishwa hapa ni nne: kuokota vilivyokwisha kutolewa na mvua, kuchonga kwa mkono au kwa hewa, kutumia kemikali, na kukata jiwe kisha kuling'arisha.

Unachokitafuta hasa

Krinoidi wana sura ya ua lakini ni wanyama wa bahari, jamaa wa kiti cha pweza na jongoo bahari. Jina la kundi lao, Crinoidea, lilitolewa na J. S. Miller mwaka 1821. Wapo hai hadi leo. Wenye mashina huishi kwenye vilindi. Walistawi kupita kiasi katika kipindi cha Misisipi, takriban miaka milioni 359 hadi 323 iliyopita, na mabaki yao yakajenga matabaka mazima ya chokaa. Chokaa ya Burlington, inayoenea katika majimbo ya Iowa, Illinois na Missouri nchini Marekani, ndiyo iliyowapa Charles Wachsmuth na Frank Springer vielelezo vya kazi yao kubwa ya mwaka 1897 juu ya krinoidi wa Amerika Kaskazini.

Mwili una sehemu nne: mzizi unaoshika sakafu ya bahari, shina la pingili zilizopangwa mithili ya sarafu zenye tundu katikati, kikombe kilichobeba viungo vya ndani, na mikono yenye vijimkono vidogo pembeni. Mnyama akifa, nyama zinazoshikilia vipande huoza na mwili husambaratika ndani ya siku chache. Kwa hiyo pingili ni nyingi mno, vikombe ni vichache, na mnyama mzima hupatikana tu pale tope lilipomfunika ghafla. Alama ya kuifuata ni hii: mnyama mzima mtafute pale tabaka la chokaa linapokutana na tabaka la udongo, juu au chini yake, usimtafute katikati ya chokaa safi.

Pingili peke yake mara nyingi haitoshi kumtaja mnyama hadi spishi. Zipo zenye alama wazi: za Platycrinites zina umbo la yai na hufanya shina lijisokote, na baadhi ya pingili za Mesozoiki (zama za dinosaria) zina umbo la nyota ya ncha tano. Utambuzi wa kweli uko kwenye kikombe, hasa kitako chake. Chini ya vile vibamba vitano ambavyo mikono huanzia juu yake, hesabu kama kuna duara moja la vibamba au mawili. Hesabu hiyo hutenganisha makundi makubwa. Mtu aliyekwangua kitako ili kikombe kisimame vizuri mezani amefuta jina la mnyama wake.

Vigezo vya kulinganisha

Kila njia imepimwa kwa mambo matano: jiwe linaloifaa, kazi yenyewe na vifaa vyake, kinachoharibika na sababu yake, unachobaki nacho, na mtu inayemfaa. La tatu ndilo zito. Jiwe lililobaki jinsi lilivyo linaweza kushughulikiwa baadaye na mtu mwenye ujuzi zaidi. Jiwe lililochongwa vibaya, kuyeyushwa au kukatwa halirudi.

Majaribio matatu kabla ya kuamua

La kwanza ni sindano ya chuma. Kwaruza kisukuku chenyewe mahali pasipoonekana. Kalisaiti ina ugumu wa 3 kwa kipimo cha Mohs, itakwaruzika. Silika ina 7: sindano itateleza na kuacha mstari wa kijivu wa chuma chake.

La pili ni tone la asidi ya haidrokloriki ya asilimia 5 hadi 10. Dondosha moja juu ya kisukuku na jingine juu ya jiwe, ukitazama kwa kioo cha kukuza mara 10. Vyote viwili vikitoa povu la nguvu, una kalisaiti ndani ya kalisaiti. Jiwe likitoa povu na kisukuku kikatulia, una silika. Jiwe likitoa povu hafifu, au likangoja mpaka ulikwangue liwe unga, hiyo ni dolomaiti, jamaa ya chokaa yenye magnesi. Povu likiacha utando wa tope, jiwe lina udongo. Suuza kwa maji mengi mara moja, maana tone lililosahauliwa huchimba kishimo.

La tatu halihitaji chochote ila subira. Chukua kipande cha jiwe kisicho na thamani, kikauke kabisa kwa siku kadhaa, kisha kitumbukize ndani ya maji usiku kucha. Kikimomonyoka, udongo ndio unaokishikilia na maji peke yake yatafanya kazi kubwa. Kikauke kweli: kipande chenye unyevu hakina nafasi ya kunyonya maji kwa kasi, na kunyonya huko ndiko kunakokivunja.

Njia ya kwanza: kuokota vilivyotolewa na mvua

*Jiwe linaloifaa.* Miteremko na machimbo ya zamani ambako chokaa na udongo vimepishana. Chokaa laini ya tope huyeyuka kwa mvua upesi kuliko fuwele kubwa ya krinoidi, kwa hiyo baada ya miaka mingi pingili huchomoza juu ya jiwe, na zile zilizokuwa ndani ya udongo huanguka zenyewe. Mvua imefanya kwa upole kazi ambayo tindo haliwezi.

*Kazi yenyewe.* Nenda baada ya mvua, asubuhi au jioni, jua likiwa chini, ili vivuli vionyeshe pete na matundu. Anzia kwenye vijito vikavu chini ya mteremko. Ukikuta pingili nyingi mahali pamoja, panda polepole ukifuata mkondo wake mpaka zikome; hapo ndipo tabaka lenyewe lilipo. Tenga unavyookota juu ya tabaka na unavyookota chini yake katika mifuko tofauti.

Udongo wa tabaka hilo una mengi kuliko jicho linavyoona. Chota kilo 5, kausha, loweka, kisha pitisha kwenye chekeche za milimita 2, 1 na 0.5. Udongo mkaidi una dawa yake: ukaushe kabisa, umwagie mafuta ya taa mpaka uyanywe, chuja mafuta yaliyozidi, halafu mimina maji ya moto. Maji huyasukuma mafuta nje na udongo hufumuka. Fanya hivyo nje, mbali na moto wowote, na maji yachemshiwe kwingine.

*Kinachoharibika.* Vielelezo ni vichakavu: mistari midogo ya uso imekwisha kulika. Hasara kubwa zaidi haionekani, nayo ni kupotea kwa mahali. Pingili iliyoporomoka mita kumi imeacha tabaka lake nyuma, na mteremko wenye matabaka matatu hukupa mchanganyiko wa nyakati tatu. Wengi pia husafisha kwa siki ili zing'ae. Siki ni asidi ya asetiki ya takriban asilimia 5; inakula vijimfereji vya usoni, ambavyo ndivyo vya kutambulia. Maji na mswaki vinatosha.

*Unachobaki nacho.* Pingili nyingi, vipande vya mashina, na penye bahati vikombe vizima. Vikombe vya kundi la kamerata, ambavyo vibamba vyake vimeshikana imara, hutoka vizima bila mikono kuliko vya makundi mengine. Vikombe vya Burlington vingi viko hivyo.

*Inamfaa nani.* Anayeanza, mwenye watoto, asiye na karakana. Inamfaa pia mtaalamu anayetaka kuhesabu aina na wingi wa pingili katika tabaka, jambo ambalo kisukuku kimoja kizuri hakiwezi kumpa. Ni njia pekee kati ya hizi nne ambayo ukikosea hujaua kitu.

Njia ya pili: kuchonga

*Jiwe linaloifaa.* Chokaa yenye tope au udongo, ambamo krinoidi ni ngumu kidogo kuliko kinachoizunguka na mpaka unaonekana kwa rangi au kwa mng'ao. Chokaa safi ya pingili tupu haifai. Humo hakuna mpaka wa kuufuata, na saa za kazi zitaishia kwenye nyuso zile zile zinazometameta.

*Kazi yenyewe.* Anza shambani. Usichimbe kisukuku, chimba jiwe lenye kisukuku, ukiacha angalau sentimita 5 kila upande. Likipasuka, okota kila kipande, weka alama ya mstari wa penseli unaovuka ufa, na funga kila kimoja peke yake. Kuunga hufanyika mezani, siyo pale machimboni penye vumbi.

Mezani, lilaze jiwe juu ya mfuko wa mchanga ili mtikisiko umezwe. Ondoa unene mkubwa kwa tindo dogo na nyundo ya gramu 200 hadi 300, ukielekeza ncha mbali na kisukuku daima. Ikibaki milimita 3 hadi 5, hamia kwenye kalamu ya hewa, ile yenye sindano ya kabidi ya tangsteni inayogonga kwa kasi. Ielekeze kwa nyuzi 30 hadi 45 juu ya uso wa jiwe, uvunje vipande vidogo kutoka pembeni kuingia ndani. Ukiisimamisha wima, kila pigo huacha nukta nyeupe, na nukta hiyo juu ya kibamba cha kikombe haifutiki.

Simama ikibaki kama milimita moja. Tabaka hilo la mwisho ni la unga wa hewa: bomba jembamba linalopuliza unga laini kwa shinikizo dogo, kuanzia bari 1 na kupanda kidogo kidogo kama jiwe halitoki. Hapa ugumu wa unga ndio unaoamua kila kitu. Baikaboneti ya sodiamu, yenye ugumu wa 2.5, ni laini kuliko kalisaiti. Huondoa udongo na kuacha kibamba. Dolomaiti, 3.5 hadi 4, inaishinda kalisaiti kidogo. Hufanya kazi upesi lakini isikae mahali pamoja. Oksaidi ya alumini, 9, iache kabisa: inasawazisha krinoidi na jiwe kwa pamoja bila kubagua. Hewa ipitie kwenye kikaushio, la sivyo unga hushika unyevu na kuziba bomba kila dakika chache, na linapozibuka ghafla mkono hushtuka.

Fuata mishono. Chini ya kioo cha kukuzia, kati ya kibamba na kibamba cha kikombe kuna mstari mwembamba, mara nyingi mweusi kidogo kwa udongo ulionaswa humo. Mstari huo unapoanza kufifia wakati unapuliza, umekwisha kuvuka uso wa kisukuku na unakula kisukuku chenyewe. Punguza shinikizo au hama.

Kilicholegea kiimarishe kwa Paraloid B-72, gundi ya akriliki, iliyoyeyushwa ndani ya asetoni: asilimia 5 hadi 10 ikiwa ni ya kunywesha, nzito zaidi ikiwa ni ya kuungia. Gundi hii hutoka tena kwa asetoni. Gundi za papo kwa papo hushika haraka na zina nafasi yake kazi ikiwa ya dharura, lakini kuziondoa ni shida.

*Kinachoharibika.* Vijimkono vya pembeni huenda kwanza, kwa kuwa ni vyembamba na viko juu ya mikono. Kosa la pili ni kuchimba chini ya mkono ili utokeze. Mkono uliobaki hewani huvunjika siku ukipangusa vumbi. Uache umelala juu ya jiwe. Na ukikuta konokono mdogo amekaa juu ya kikombe, usimtoe. Konokono wa jamii ya Platyceras waliishi wamejibandika juu ya krinoidi, mara nyingi palipo na tundu la kutolea uchafu, na kuwakuta pamoja ni ushuhuda wa maisha yao kuliko kila kimoja peke yake.

Vumbi nalo ni hatari kwa mtu. Chokaa safi ina silika kidogo, lakini yenye mchanga au vinundu vya gumegume ina ya kutosha kuumiza mapafu kwa kudumu. Barakoa ya kuchuja chembe, miwani, na boksi lenye kifyonza vumbi si mapambo.

*Unachobaki nacho.* Mnyama akiwa bado amelala alipozikwa, mikono, kikombe na shina pamoja, na jirani zake. Hakuna njia nyingine inayotoa hilo kutoka kwenye chokaa ya kawaida.

*Inamfaa nani.* Mwenye subira na mahali pa kudumu pa kazi. Kikombe cha sentimita 2 hadi 3 kinaweza kuchukua saa chache. Taji, yaani kikombe pamoja na mikono yake yote, linaweza kula makumi ya saa. Asiye na kompresa anaweza kufika mbali kwa sindano za kabidi za mkononi, akichagua jiwe lenye udongo mwingi.

Njia ya tatu: kemikali

Hapa kuna njia mbili zisizofanana hata kidogo, asidi na haidroksaidi ya potasiamu (alkali kali), na kuzichanganya ndiko kunakoangamiza vielelezo vingi.

*Jiwe linaloifaa.* Asidi inafaa pale tu krinoidi imegeuka silika na jiwe limebaki chokaa. Krinoidi ya kawaida ikiingizwa kwenye asidi huyeyuka sawia na jiwe, na kwa sababu jiwe mara nyingi lina udongo unaobaki kama utando, mtu hudhani kazi inaendelea vizuri kumbe kisukuku kimekwisha. Kinyume chake, haidroksaidi ya potasiamu haigusi kalisaiti, inavunja udongo. Inafaa chokaa ya udongo na tope gumu, wala si chokaa safi.

*Kazi yenyewe, asidi.* Piga hesabu kwanza. Kilo 1 ya chokaa safi inahitaji kilo 1.2 ya asidi ya asetiki tupu, yaani takriban lita 12 za mchanganyiko wa asilimia 10. Kwa siki ya asilimia 5 ni lita 24. Kilo hiyo hiyo hutoa gesi ya kaboni dioksaidi gramu 440, karibu lita 240, kwa hiyo chombo kisifungwe kamwe na kazi ifanyike penye hewa inayopita. Asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10 inatumia lita 7 hivi na ni ya haraka, ila povu lake kali hung'oa mikono myembamba. Mimina asidi ndani ya maji, usimimine maji ndani ya asidi.

Weka jiwe juu ya wavu wa plastiki ili tope lishuke chini. Povu likikoma, mwaga, suuza, kausha, nywesha Paraloid sehemu zilizojitokeza, kisha rudisha. Usiruhusu kitokeze kwa kimo kikubwa mara moja. Kinachosimama bila kushikwa huanguka chenyewe. Mwisho loweka kwenye maji safi kwa muda mrefu kuliko ulioloweka kwenye asidi, ukibadilisha maji, la sivyo chumvi huota ndani ya nyufa kinapokauka.

Kuna hali ya kinyume, inayoonekana kwenye gumegume: kalisaiti ya krinoidi imeondoka na kubaki tundu lenye umbo lake. Hapo asidi husafisha masalia, kisha unapaka mpira wa majimaji (lateksi), tabaka jembamba juu ya jembamba, na ukiuvuta unatoka na nakala ya uso wa mnyama. Mashina yaliyobaki kwa namna hii huonekana kama skrubu, na huko Derbyshire, Uingereza, ndivyo yalivyoitwa na watu: skrubu za Derbyshire.

*Kazi yenyewe, haidroksaidi ya potasiamu.* Lowanisha uso wa udongo kidogo, tandaza vidonge vyake juu ya sehemu unayotaka kuondoa tu, funika kwa plastiki, uache kwa saa 12 hadi 24. Vidonge hunyonya maji na kugeuka ute, udongo hulegea na kuinuka kwa magamba. Osha kwa brashi laini chini ya maji, tazama, rudia. Halafu loweka siku nyingi, maji mapya kila siku, mpaka karatasi ya kupimia ionyeshe maji hayana tena ukali. Anayekatisha hapo hukuta ukungu mweupe usoni baada ya wiki kadhaa. Wala usijaribu kuuzima ukali kwa siki: kielelezo ni kalisaiti.

*Kinachoharibika.* Udongo ulio ndani ya mishono ya vibamba nao hulegea, na taji zima linaweza kufumuka kuwa rundo la vibamba. Jaribu kwanza kwenye kipande cha shina kutoka tabaka lile lile. Kwa mtu, vidonge hivi huunguza ngozi na huweza kupofusha jicho. Glavu ndefu, miwani iliyofunga pande zote, chombo cha plastiki. Alumini isikaribie, maana hutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto.

*Unachobaki nacho.* Ikifaulu, uso safi kuliko wowote unaotoka kwenye kalamu. Krinoidi ya silika iliyotolewa kwa asidi inaweza kuzungushwa mkononi na kutazamwa pande zote, kitako kikiwa wazi.

*Inamfaa nani.* Mwenye majibu ya uhakika ya yale majaribio matatu, mwenye mahali pa kufungia kemikali na njia halali ya kuzitupa. Nyumbani penye watoto wadogo, iache.

Njia ya nne: kukata na kung'arisha

*Jiwe linaloifaa.* Lile lile lililozishinda njia nyingine: chokaa ngumu, safi, iliyoshonana kwa pingili. Mawe ya aina hii yametumika kwenye majengo kwa muda mrefu. Lile la Ubelgiji linaloitwa petit granit halina uhusiano na graniti; ni chokaa ya krinoidi inayopokea mng'ao mzuri.

*Kazi yenyewe.* Amua mwelekeo kabla ya kuwasha msumeno wa almasi. Kata sambamba na tabaka ukitaka mashina marefu. Kata kuvuka tabaka ukitaka kuona jinsi mikondo ilivyopanga vipande. Unene wa milimita 8 hadi 10 hauvunjiki kirahisi. Saga juu ya kioo bapa kwa unga wa silikoni kabidi, ukianza na wenye chembe kubwa: namba 220, 400, 600, 1000. Kati ya hatua na hatua osha jiwe, mikono na meza. Mkwaruzo mmoja mrefu unaojitokeza mwishoni karibu kila mara ni chembe ya 220 iliyosafiri. Maliza kwa oksaidi ya alumini laini au oksaidi ya bati juu ya kitambaa kizito chenye unyevu. Jiwe lenye mistari ya udongo iliyopinda linyweshe epoksi nyembamba kwanza, la sivyo hupasukia hapo hapo.

Kwa anayetaka kujifunza zaidi ya kupamba, ishia 600 au 1000, tumbukiza uso kwenye asidi ya haidrokloriki ya asilimia 5 kwa sekunde 10 hadi 20, suuza, kausha bila kuugusa, mwagia asetoni, ulaze utando wa selulosi asiteti. Ukikauka ubandue: una picha ya ndani ya jiwe inayoweza kutazamwa kwa hadubini. Saga kidogo, rudia, na utaona kikombe kilichojificha kikifunguka hatua kwa hatua.

*Kinachoharibika.* Umbo la pande tatu linakwenda, na upana wa msumeno hula milimita 1 hadi 3 za jiwe. Kikombe kilichokatwa katikati ni vigumu kukitambua. Mng'ao nao ni wa kalisaiti: maji ya kusafishia yenye asidi huufanya hafifu kwa dakika.

*Unachobaki nacho.* Uso mmoja wenye mamia ya vipande, tundu, duara na nyota, na mpangilio wao wote.

*Inamfaa nani.* Mpambaji, mwalimu, na mtafiti wa miamba. Asiyetaka msumeno anaweza kung'arisha uso wa jiwe lililopasuka bapa kwa msasa wa maji peke yake.

Kwa hali uliyonayo

Hujui krinoidi yako ni ya aina gani ya jiwe: usifanye lolote ila majaribio matatu, kwenye kipande cha pembeni.

Una mteremko wenye udongo, na ruhusa ya mwenye ardhi, lakini huna karakana: okota na chekecha. Hakikisha pia sheria ya nchi inakuruhusu kuondoka navyo, maana mahali pengine visukuku vyote ni mali ya umma.

Una jiwe moja lenye taji zima ndani ya chokaa ya tope: chonga, kama umekwisha kujizoeza kwenye mashina yasiyo na thamani ya tabaka hilo hilo. Kama bado, lihifadhi lilivyo, au lipeleke kwa fundi wa makumbusho.

Udongo ndio uliofunika taji, na mishono yake ni imara: vidonge vya haidroksaidi ya potasiamu kwa sehemu pana, unga wa baikaboneti kwa kati ya mikono. Mishono ikiwa legevu, anza na Paraloid na ukae kwenye unga peke yake.

Sindano imeteleza juu ya kisukuku na tone halikutoa povu hapo, lakini jiwe limetoa: asidi, kwa vipande vidogo, asetiki kabla ya haidrokloriki.

Mpaka hauonekani kabisa na kila ukipasua unapata nyuso zinazometameta: kata. Lakini zungusha jiwe lote chini ya mwanga kwanza, utafute duara la vibamba linaloashiria kikombe. Likiwepo, msumeno upite mbali nalo.

Kwa kila hali, kabla ya kuosha, andika namba kwenye jiwe lenyewe: tone la Paraloid, likauke, namba kwa wino juu yake, tone jingine juu ya wino. Kwenye daftari, mbele ya namba hiyo, weka mahali, jina la mwamba, tabaka, upande uliokuwa juu, tarehe, na kila kemikali na gundi uliyotumia.